Baiskeli ya Mbio kwa Anayeanza: Siti, Matairi na Breki Kwanza

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mwaka mmoja kabla yake Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Mambo haya mawili yametia watu hamu. Wanaoniuliza waanzeje mchezo huu wameongezeka, na karibu wote huanza na maswali yaleyale mawili: ninunue ya kampuni gani, na iwe na kilo ngapi?

Maswali hayo yana mahali pake, lakini si mwanzoni. Baiskeli inakugusa sehemu tatu tu: makalioni, viganjani na miguuni. Barabara nayo inaigusa sehemu mbili, penye matairi. Raha yote na mateso yote ya safari hupitia hapo. Anayemaliza fedha zake kwenye fremu nyepesi, kisha akabaki na matairi yaliyochakaa na siti isiyomfaa, ataiuza baiskeli hiyo kabla mwaka haujaisha na atawaambia wenzake kwamba mchezo huu ni adhabu.

Tulimalize suala la uzito. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, UCI, hakiruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Baiskeli ya alumini utakayoikuta sokoni itakuwa na kilo 9 au 10. Sasa piga hesabu: mtu mwenye kilo 73, pamoja na baiskeli na chupa za maji, ni kama kilo 85. Akipunguza kilo moja, kwenye mlima mkali uliokuwa ukimchukua saa nzima ataokoa chini ya dakika moja. Kwenye tambarare hataona tofauti yoyote, maana huko anayempinga ni upepo, si uzito. Kwa anayekimbilia medali sekunde hizo ni mali. Kwa anayeanza, hizo ni fedha zilizopaswa kununua matairi.

Sokoni

Wengi wetu tutanunua mitumba, na si jambo la kuonea haya. Baiskeli ya mbio iliyotumika Ulaya au Japani na kutunzwa vizuri ni bora kuliko mpya ya bei rahisi inayong'aa dukani, ambayo fremu yake ni nzito na magurudumu yake huanza kuyumba baada ya mashimo machache. Kinachotakiwa ni kujua kuikagua, na usikubali kuharakishwa na muuzaji.

Anza na fremu. Pitisha kidole taratibu kwenye maungio, hasa penye shingo ya usukani na pale penye ekseli ya pedeli, kisha mulika kwa tochi. Rangi iliyovimba, mstari mwembamba unaozunguka bomba, au kutu inayochomoza kwenye ungio ni dalili za ufa. Fremu ya chuma yenye ufa mdogo fundi hodari anaweza kuichomelea. Ya alumini iliyopasuka iache hapohapo. Fremu ya kaboni ni habari nyingine kabisa: ikigongwa inaweza kupasuka kwa ndani huku rangi ya nje ikibaki safi, na siku itakapovunjika haitakuonya. Kama hujui historia yake, usiinunue, hata muuzaji akikuapia kwamba umepata bahati.

Kisha mwombe muuzaji alegeze bolti ya siti na kuipandisha na kuishusha mbele yako. Watu wengi hulisahau jambo hili. Mhimili wa siti ukikaa miaka mingi bila grisi hushikana na bomba la fremu, na ukishashikana vizuri hakuna fundi atakayeutoa bila kuharibu kimoja kati ya hivyo viwili. Baiskeli ambayo siti yake haisogei ni baiskeli ya mtu mmoja tu, yule aliyeiacha katika urefu huo.

Inua gurudumu na ulizungushe ukitazama nafasi kati ya ringi na mpira wa breki. Likiyumba kidogo, kukaza spoki kutatosha. Likiyumba sana, au spoki kadhaa zikiwa zimelegea upande mmoja, ingiza gharama ya gurudumu katika mazungumzo ya bei. Weka rula kwenye ukuta wa ringi pale mpira wa breki unapobana. Ukuta ukiwa umelika na kuwa na bonde, ringi hiyo imekaribia mwisho wake, na ringi iliyolika huweza kupasuka wakati tairi limejaa upepo.

Kuhusu gia, chagua mfumo ambao vipuri vyake vinapatikana mjini kwako. Sproketi za nyuma 8, 9 au 10 zinatosha kabisa, na cheni zake ni za bei nafuu kuliko za mifumo mipya ya 12. Gia za umeme ni nzuri, lakini zinataka betri, chaja na fundi anayezijua. Nje ya miji mikubwa, zikigoma utarudi nyumbani kwa gia moja.

Usitumie fedha zote kwa baiskeli yenyewe. Tenga karibu theluthi kwa matairi mapya, waya na mipira ya breki, helmeti, taa na pampu. Ushauri huu unawaudhi wengi kwa sababu unawalazimu kuchagua baiskeli ya bei ndogo kuliko waliyoipenda. Nausimamia hata hivyo.

Vipimo vya mwili

Fremu kubwa kupita mwili wako haina dawa. Ndogo kidogo unaweza kuirekebisha kwa kupandisha siti na kubadili kishikio cha usukani, lakini kubwa itakunyoosha mgongo na kukutia ganzi vidoleni. Mtu wa sentimita 160 kwa kawaida huangukia fremu ya 48 hadi 50, wa 170 huangukia 52 hadi 54, na wa 180 huangukia 56 hivi. Hizo ni namba za kuanzia tu. Kipimo cha kweli ni kusimama juu ya bomba la kati ukiwa na viatu vyako: nyayo zote zikae chini na pabaki nafasi kati ya bomba na msamba.

Urefu wa siti ndio unaoamua kama magoti yako yatadumu katika mchezo huu. Simama peku ukutani, bana kitabu kati ya mapaja mpaka kiguse msamba, na umwombe mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata 70.6. Huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya siti, ukipima kwa kufuata bomba la siti. Kama huna futi ya kupimia, kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litapinda kidogo inavyotakiwa.

Baada ya hapo sikiliza mwili. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma kwa nyuma, siti iko juu mno. Mwenzako aliye nyuma akiona nyonga zako zinacheza kulia na kushoto, ishushe. Badilisha milimita chache tu kwa wakati, halafu uendeshe siku kadhaa kabla ya kugusa tena.

Na siti yenyewe? Hapa hudanganywa wengi, wanaume kwa wanawake. Siti nene yenye sponji laini hufurahisha dukani na hutesa baada ya kilomita 30, kwa sababu mifupa ya makalio huzama ndani yake na uzito wote ukahamia kwenye nyama laini za katikati. Unachohitaji ni siti yenye upana unaolingana na mifupa yako. Kaa juu ya kipande cha boksi gumu kilichowekwa kwenye kigoda, nyanyua magoti kidogo, kisha pima umbali kati ya mabonde mawili yaliyobaki. Ongeza sentimita 2, na huo ndio upana wa kutafuta. Wanawake mara nyingi huhitaji siti pana zaidi, na baiskeli nyingi za mbio zinazoletwa sokoni zimefungwa siti nyembamba za wanaume. Dada zangu, msivumilie ganzi mkidhani ndiyo desturi ya mchezo. Ganzi ni dalili kwamba mishipa inabanwa, na mwenye nayo abadilishe siti.

Matairi

Ningeruhusiwa kubadili kitu kimoja tu katika baiskeli za wanaoanza, ningebadili matairi. Kwa miaka mingi waendeshaji wa mbio waliamini tairi jembamba na gumu ndilo lenye kasi: milimita 23, upepo psi 110 au 120. Imani hiyo imeachwa hata na mabingwa, ambao sasa wengi wao hutumia milimita 28 au zaidi. Sababu inaeleweka. Tairi gumu likikutana na kokoto halilimezi, bali linainua baiskeli pamoja na mwili wako wote juu yake, na nguvu ya kuinua huko inatoka kwenye miguu yako. Tairi pana lenye upepo wa wastani linabonyea kidogo, kokoto inapita, na mwendo unaendelea. Kwenye lami laini mno tofauti ni ndogo. Kwenye lami zetu zenye viraka, changarawe na matuta, ni kubwa sana, na mikono yako ndiyo itakayokueleza.

Soma maandishi ubavuni mwa tairi. Baiskeli nyingi za mbio hutumia 700C, na pembeni utaona namba kama 28-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, vyote kwa milimita. Namba hiyo ya pili lazima ilingane kabisa. Zile baiskeli nyeusi za mizigo zenye magurudumu ya inchi 28 mara nyingi zina 635, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba matairi ni yaleyale kwa sababu yanafanana kwa macho. Upana unaweza kuuongeza mpaka pale fremu na breki zitakaporuhusu, mradi pabaki nafasi ya milimita 4 hivi kila upande. Fremu nyingi za zamani zinaishia 25, na hiyo bado ni nafuu kuliko 23.

Upepo ujazwe kwa uzito wa mtu. Kwa tairi la milimita 28 lenye tyubu, mwenye kilo 60 aanze na psi 60 hadi 65 nyuma, mwenye kilo 75 aanze na karibu 75, na mwenye kilo 90 aanze na 85 hadi 90. Tairi la mbele lipunguzwe psi 3 hadi 5, kwa kuwa linabeba uzito mdogo. Usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Ukipata pancha zenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, ujue tyubu ilibanwa kati ya shimo na ringi, yaani upepo ulikuwa kidogo au ulikanyaga shimo kwa uzito wote.

Valvu nayo ina mambo yake. Baiskeli nyingi za mbio zina valvu nyembamba yenye kijinati kidogo juu, nayo haiingii kwenye mpira wa pampu ya gari pale kituo cha mafuta. Nunua adapta ya shaba, ni ndogo na ya bei ndogo, ukaiache imefungwa kwenye valvu moja daima. Tundu la ringi kwa valvu hiyo lina milimita 6.5, wakati valvu ya mtindo wa gari inataka 8.5. Wapo mafundi wanaotoboa ringi kuongeza tundu ili tyubu yoyote ipite. Kwa ringi nyembamba za mbio, usikubali.

Adui mkubwa wa matairi kwenye barabara kuu si msumari. Ni vinyuzi vya waya vinavyobaki pembeni baada ya matairi ya malori kupasuka. Ni vyembamba kiasi kwamba ni vigumu kuviona kwa jicho, vinaingia taratibu, na vikibaki ndani ya tairi vitatoboa kila tyubu mpya utakayoweka. Ndiyo maana unapofunga tairi uipange nembo yake mkabala na valvu. Ukipata pancha, tafuta tundu kwenye tyubu, linganisha na nafasi ya valvu, na utajua pa kutafuta waya kwenye tairi. Pitisha kitambaa au kipande cha soksi ndani ya tairi. Uzi wa waya utanasa kitambaa badala ya kukuchoma kidole. Bara, katika maeneo ya migunga kama Dodoma na Shinyanga, miiba ni mingi kuliko waya, na huko ni busara kununua tairi lenye utepe wa kinga katikati hata kama ni zito kidogo.

Kila safari beba tyubu mbili, viraka na solusheni, vijiti vya plastiki vya kubandulia tairi, na pampu ndogo. Jifunze kubadili tyubu nyumbani, bila haraka, kabla hujalazimika kufanya hivyo juani kando ya malori.

Breki na mteremko

Kabla hujapanda baiskeli yoyote ya mitumba, isukume kwa miguu na ubane breki moja moja. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza na Japani, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, kwa kawaida mkono wa kulia hukamata gurudumu la mbele. Zilizotoka bara la Ulaya na Marekani huwa kinyume chake. Mtu aliyezoea upande mmoja akibana kwa hofu upande mwingine anaweza kurushwa juu ya usukani. Chagua mpangilio mmoja, mwambie fundi ahamishe waya, na usibadili tena.

Breki za kubana ringi zinamtosha anayeanza. Waya wake na mipira yake fundi yeyote anavifahamu. Breki za diski zina nguvu zaidi kwenye mvua, na zile za waya zinatengenezeka kirahisi, lakini zile za mafuta zinahitaji kifaa na mafuta maalumu wakati wa kutoa hewa kwenye mirija. Ukizinunua, mtafute kwanza fundi anayezijua.

Chukua barabara ya Mombo hadi Lushoto, kama kilomita 33 za kona zinazopanda Milima ya Usambara. Kupanda kunachosha, lakini hakumuui mtu. Hatari iko kwenye kurudi. Mshukaji mgeni hubana breki kidogo kidogo bila kuachia, akidhani ndio usalama. Ringi inapata moto, upepo ndani ya tyubu unatanuka, na tyubu inaweza kupasuka katikati ya kona. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia ringi ipoe, bana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, kwa sababu tairi linalopinda lina uwezo mdogo uliobaki wa kukamata breki. Shika usukani sehemu ya chini iliyopinda, ambako vidole vinavuta breki kwa nguvu zaidi, rudisha makalio nyuma, na utazame pale unapotaka kutokea, si ukingo wa bonde. Katika kona, pedeli ya upande wa ndani iwe juu.

Mvua ikinyesha, breki za ringi huchelewa kukamata mpaka zifute maji kwanza. Mvua za mwanzo baada ya kiangazi ni mbaya kupita zote, kwani huinua mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami. Siku hiyo bora upumzike.

Gia na cheni

Hapa sitakawia. Tafuta gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji: sproketi ndogo ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye 30 au 32 zitakupandisha karibu mlima wowote. Zungusha miguu mara 80 hadi 90 kwa dakika. Kusukuma gia nzito polepole kunaonekana ushujaa, lakini magoti ndiyo yanayolipa.

Cheni ipimwe kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele, nayo iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ukisubiri mpaka izidi kwa sehemu moja ya nane, utanunua na sproketi za nyuma. Weka tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha, kisha futa yote yaliyobaki nje, maana mafuta ya nje kazi yake ni kukusanya vumbi. Oili chafu ya gari usiitumie kamwe, imejaa unga wa chuma. Wakazi wa pwani wafute baiskeli kwa kitambaa chenye maji baridi kila baada ya safari ya kando ya bahari, kwa sababu chumvi haipumziki.

Mwili, maji na chakula

Helmeti iwe na nembo ya kiwango cha usalama, kama EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani, na ikae sawa juu ya paji la uso, si kisogoni. Ikishagonga lami katika ajali, kazi yake imekwisha hata kama haionyeshi ufa. Kwa sababu hiyo usinunue helmeti ya mitumba. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani, na hufuliwa kila baada ya safari. Viatu vya kunasa kwenye pedeli vinaweza kusubiri. Pedeli bapa na kiatu chenye soli ngumu vitakufikisha mbali.

Akiba ya wanga mwilini hutosha kwa saa moja na nusu hadi mbili za mwendo wa nguvu. Ikiisha, miguu inakuwa mitupu, kichwa kinazunguka, na kula wakati huo ni kuchelewa. Anza kula mapema, nusu saa baada ya kuondoka, na upate gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu moja ina gramu 25 hivi, na tende ndogo tano zinakaribia 30. Kiazi kitamu kilichochemshwa na kashata vinafaa sana, na vyote vinaingia mfuko wa nyuma wa jezi. Huna haja ya vifuko vya dukani. Kinywaji kizuri unaweza kukitengeneza: lita moja ya maji, vijiko vitano vya mezani vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Kunywa kwa kiu, kama nusu lita kwa saa, zaidi kwenye joto la pwani. Maji matupu mengi kupita kiasi nayo yana hatari, kwa kuwa yanapunguza chumvi katika damu.

Upepo na njia

Mtu wa pwani tayari ana elimu ambayo waendeshaji wa kwingine huitafuta. Kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kama kilomita 65, wakati wa kusi ataenda kwa raha akidhani amepata nguvu mpya, kisha atarudi akipambana na upepo usoni, jua likiwa kali na maji yamepungua. Kanuni ni kuanza safari ukiukabili upepo na kurudi ukisukumwa. Kwa hiyo Bagamoyo ni safari nzuri ya msimu wa kaskazi, na katika kusi panga njia kinyume au ufupishe.

Toka mapema. Jua letu huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu hivi, na saa mbili za mwanzo zina magari machache na hewa ya baridi. Hata hivyo usitoke gizani bila taa, nyekundu nyuma na nyeupe mbele, na ziwake hata mchana. Jioni usiitegemee: katika nchi zilizo karibu na ikweta giza huingia haraka.

Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Anayevuka mpaka wa Rusumo kwa baiskeli abadili upande na ajikumbushe kila anapotoka kwenye kituo cha mapumziko, kwani hapo ndipo mazoea hurudi. Popote ulipo, usiende kinyume na magari. Usijibane ukingoni kabisa, kule kwenye mchanga, vioo na lami iliyokatika. Kaa kama nusu mita au zaidi ndani ya lami, mahali dereva anakuona na unapobaki na nafasi ya kukwepa. Ukilazimika kushuka kwenye bega la barabara, usipandishe gurudumu kwa kulisugua kwenye ukingo wa lami, litateleza na kukuangusha. Simama, au upande kwa pembe kubwa. Reli za treni zivuke kwa pembe mraba.

Barabara za kupanda zenye malori mengi, kama Kitonga njia ya Iringa, au ile ya ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Limuru na Mai Mahiu, simshauri mtu anayeanza. Uzuri wa mandhari haulingani na hatari iliyopo.

Katika kundi

Kukaa nyuma ya mwenzako kwa mwendo wa kasi huokoa karibu robo ya nguvu, wakati mwingine zaidi. Ndiyo sababu mtu wa kawaida anaweza kwenda na kundi umbali asioweza peke yake. Lakini ukaribu huo unadai adabu: usifunge breki ghafla, usiyumbe, gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako, na kila hatari itangazwe kwa sauti na kwa mkono. Shimo! Gari nyuma! Anayeongoza akichoka, asogee pembeni taratibu na kurudi mkiani.

Mchezo huu hurithishwa barabarani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuja kushinda Tour de France mara nne, alijifunza akiwa kijana kwa kufuata gurudumu la mwendeshaji David Kinjah na vijana wake huko Kikuyu, na Kinjah hakumdai kwanza awe na baiskeli ya maana.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoongoza makundi ya asubuhi, Dar, Arusha, Mombasa, Nairobi, Kampala na kwingineko: tangazeni mapema kasi na umbali wa safari, kagueni breki na matairi ya mgeni kabla hamjaondoka, na mteueni mtu mzoefu mmoja akae naye nyuma mpaka mwisho. Msimwache mgeni peke yake barabarani.